Namna ya Kuufuatilia Mkao wa Molekuli Ndani ya Fuwele ya C60

Tafuta mpira wa miguu wa mtindo wa zamani, ule ulioshonwa kwa vipande vyeupe na vyeusi, uuweke mezani kabla hujaendelea kusoma. Usipoupata, kunja umbo hilo kwa karatasi ya manila. Tunachokifuatilia hapa ni mzunguko, na mwanafunzi anayetaka kuuona mzunguko kwenye ukurasa bapa huchoka mapema. Weka pia karibu kikokotoo chenye vitufe vya sin na e kwa kipeo.

Anza kwa kuhesabu. Vipande vyeusi ni 12, kila kimoja kina pembe tano. Vipande vyeupe ni 20, vya pembe sita. Kona zote ni 60, na kwenye kila kona hukaa atomi moja ya kaboni: hiyo ndiyo molekuli ya C60. Mishono ni 90, nayo si ya aina moja. Mishono 60 hutenganisha kipande cheusi na cheupe. Mishono 30 iliyobaki iko kati ya cheupe na cheupe. Paka hii 30 rangi ya wino mwekundu. Kwenye molekuli, bondi hizo 30 ni fupi kidogo, takriban nanometa 0.140 dhidi ya 0.145 za zile 60, na zina tabia ya bondi maradufu: elektroni zimejazana pale. Katikati ya vipande vyeusi kuna upungufu wa elektroni. Tofauti hii ndogo kati ya mshono mwekundu na kipande cheusi ndiyo itakayoamua muundo wa fuwele nzima.

Molekuli yenyewe iligunduliwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na Harold Kroto, Robert Curl, Richard Smalley na wanafunzi wao, na watatu hao walitunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1996. Lakini kwa ajili ya fuwele, mwaka muhimu zaidi ni 1990, pale Wolfgang Krätschmer na Donald Huffman na wenzao walipoonyesha namna ya kuipata kwa wingi, kwa kuvukiza grafiti ndani ya gesi ya heli. Hapo ndipo C60 ilipoanza kushikika kama unga na kukuzwa kuwa fuwele. Nadharia nyingi tutakazozigusa ziliandikwa ndani ya miaka miwili iliyofuata.

Kabla ya kuingia ndani, shika jambo moja. Utakutana na halijoto mbili, 260 K na 90 K, na majedwali mengi huzipanga pamoja kana kwamba ni za jamii moja. Hazifanani hata kidogo. Ya kwanza huamuliwa na majirani: molekuli zinakubaliana namna ya kutazamana. Ya pili huamuliwa na muda: molekuli zinakosa nafasi ya kugeuka kabla kipimo chako hakijaisha. Ukizichanganya hizi mbili, kila grafu utakayoisoma baadaye itakupotosha.

Kwanza, jiridhishe kwamba molekuli zinazunguka

Kwenye halijoto ya chumba, vitovu vya molekuli vimepangwa katika kimiani cha mchemraba chenye vitovu kwenye nyuso. Ubavu wa mchemraba ni nanometa 1.417, na kutoka kitovu cha molekuli moja hadi cha jirani ni nanometa 1.002. Kila molekuli ina majirani 12. Kipenyo cha kizimba cha atomi ni nanometa 0.71 tu, kwa hiyo kati ya vizimba viwili pamebaki nafasi inayotosha wingu la elektroni la pande zote mbili. Nguvu inayovishikanisha ni dhaifu, ya aina ya van der Waals. Vitovu vimetulia mahali pake ilhali molekuli zenyewe zinajizungusha.

Usilikubali hilo kwa kuambiwa tu. Chukua miale ya eksirei inayorudi kutoka kwenye fuwele. Ikiwa molekuli inazunguka kwa kasi na kila upande, eksirei huiona kama gamba la tufe lenye nusukipenyo R cha nanometa 0.355, na nguvu ya wimbi linalorudi hufuata sin(QR)/(QR), ambapo Q ni ukubwa wa badiliko la vekta ya wimbi la eksirei. Kwa mwale wenye namba tatu za fuwele 2, 0 na 0, unaoandikwa 200, Q ni 4π ikigawanywa kwa 1.417, yaani takriban 8.87 kwa nanometa. Zidisha kwa 0.355 upate 3.148. Weka kikokotoo kwenye radiani, si digrii, kisha bonyeza sin: jibu ni karibu sifuri, kwa sababu 3.148 inakaribiana mno na π. Ukigawanya unapata takriban −0.002. Fanya hivyo hivyo kwa mwale wa 111: QR ni 2.73, na jibu ni 0.148.

Ukali wa mwale hufuata mraba wa namba hizo. Kwa hiyo kwenye grafu ya unga wa C60, ukitumia eksirei za shaba zenye urefu wa wimbi wa nanometa 0.15406, utaona vilele karibu na digrii 10.8, 17.7 na 20.8, na kwenye digrii 12.5, pale ambapo 200 ilipaswa kusimama, patakuwa patupu. Pengo hilo liliwasumbua watu mwanzoni. Maelezo ya kwanza ya fuwele hii yaliitaja kuwa ya mpangilio wa heksagoni. Kwangu mimi, mwale huu usioonekana ni ushahidi mzuri kuliko vilele vyote vinavyoonekana, maana unatokana moja kwa moja na umbo la molekuli na ukubwa wa kimiani, na mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuuhakiki.

Kasi ya mzunguko hupimwa kwa njia nyingine, ile ya mwangwi wa sumaku wa viini vya kaboni-13. Molekuli ikizunguka upesi, atomi zote 60 hutoa mstari mmoja mwembamba. Vipimo vya miaka ya 1991 na 1992 vilionyesha kwamba karibu na halijoto ya chumba molekuli hupoteza kumbukumbu ya mkao wake katika muda wa takriban pikosekunde 10. Ingekuwa huru kabisa, bila jirani hata mmoja, ingechukua takriban pikosekunde 3. Kwa molekuli iliyozungukwa na majirani 12 ndani ya kitu kigumu, huo ni uhuru mkubwa ajabu.

Weka mpira kwenye mchemraba

Sasa shika mpira ili mshono mmoja mwekundu uwe juu kabisa, ukielekea kushoto na kulia kwako. Tazama upande unaokukabili: kuna mshono mwekundu uliosimama wima. Tazama ubavu wa kulia: kuna mwingine, umelala, ukielekea kwako. Mishono hii mitatu, pamoja na mitatu iliyo kinyume chake, imeangalia nyuso sita za mchemraba. Huu huitwa mkao wa kawaida. Kisha geuza mpira robo mzunguko, mhimili ukiwa wima. Mishono bado inaangalia nyuso zilezile lakini imebadili mwelekeo: huo ni mkao wa kawaida wa pili. Mchemraba hauna sababu ya kuupendelea mmoja dhidi ya mwingine.

Mgogoro wote wa ulinganifu umo hapo. Molekuli ina njia 120 za kujigeuza au kujiakisi ikabaki vilevile. Mchemraba una 48. Zinazopatana, ukiweka mpira kwenye mkao wa kawaida, ni 24 tu. Mihimili ya mara tano inayopita katikati ya vipande vyeusi haina nafasi ndani ya mchemraba hata kidogo, kwa kuwa hakuna kimiani kinachoweza kujirudia kwa ulinganifu wa mara tano. Basi kimiani kinaiambia kila molekuli kitu ambacho inaweza kukitii kwa sehemu tu.

Wanadharia huliandika hili kwa hamoniki za tufe, zile zenye daraja l. Kitu kisicho na ulinganifu wowote huweza kuwa na l zote. C60 haiwezi. Kwa kuwa kila atomi ina mwenzake upande wa pili wa kitovu, l witiri zote zinaanguka. Kati ya shufwa zinabaki zile tu unazoweza kuzijenga kwa kujumlisha 6 na 10 mara yoyote: 0, 6, 10, 12, 16, 18, 20 na kuendelea. Jaribu mwenyewe kupata 2, 4, 8 au 14, hutafaulu. Ile 0 ni tufe tupu, haina mkao. Kwa hiyo daraja la kwanza linalojua kwamba molekuli ina uso na mgongo ni 6, na hilo liko mbali sana kwenye orodha. Linganisha na metani, ambayo fuwele yake nayo ina molekuli zinazogeuka: metani huanza na l = 3, na nadharia ya James na Keenan ya mwaka 1959 ilijengwa juu ya daraja hilo. C60 ni ya duara zaidi kwa kiwango kikubwa, ndiyo maana inajizungusha kwa urahisi hivyo licha ya uzito wa atomi 60.

Hapa natoa tahadhari kwa yeyote anayefanya hesabu hizi kwa kompyuta: ukikatisha mfululizo kwenye l = 6, utapata picha isiyotosha. Madaraja ya 10 na 12 nayo yana uzito, kwa sababu maelezo ya uso wa molekuli, yaani tofauti ya kipande cheusi na mshono mwekundu, ni madogo, na vitu vidogo vinahitaji madaraja ya juu.

Kinachotokea kwenye 260 K

Mwaka 1991 Paul Heiney na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipoza unga wa C60 na kuripoti badiliko karibu na 249 K. Sampuli zilipoendelea kusafishwa, halijoto hiyo ilipanda hadi takriban 260 K, na hiyo ndiyo namba inayotumika leo. Ukisoma makala ya miaka ile ya kwanza na kukuta namba ya chini, usidhani mtu alikosea kupima. Uchafu ndani ya fuwele hushusha halijoto ya badiliko.

Dalili kwenye eksirei ni rahisi kuitambua. Kimiani chenye vitovu kwenye nyuso huruhusu miale ambayo namba zake tatu ni shufwa zote au witiri zote. Chini ya 260 K huanza kuonekana miale ya mchanganyiko, kama 451. Maana yake ni kwamba molekuli nne za kila mchemraba, ambazo awali zilikuwa sawa kabisa kwa wastani, sasa kila moja ina mkao wake. Vitovu havijahama. Kilichobadilika ni namna zinavyotazamana.

Rudi kwenye mpira uone mkao huo. Uweke katika mkao wa kawaida, kisha tafuta ulalo wa mchemraba, mstari unaotoka kona hadi kona ya kinyume. Utaona unapita katikati ya kipande cheupe. Ushike mpira kwa ulalo huo na uzungushe takriban digrii 22 kuelekea upande mmoja. Sasa angalia majirani 12. Sita kati yao wako kwenye duara linalokata mhimili wako kwa pembe mraba. Hao wote wanakabiliwa na mishono myekundu. Sita wengine, watatu juu na watatu chini, wanakabiliwa na vipande vyeusi. Molekuli nne za mchemraba hufanya hivyo hivyo, ila kila moja huchagua ulalo wake kati ya minne iliyopo. Matokeo yake ni kwamba popote molekuli moja inapotoa mshono mwekundu, jirani anatoa kipande cheusi. Penye elektroni nyingi pamekutana na penye elektroni chache, katika kila mgusano, bila hata mmoja kubaki nje.

Mimi huwaambia wanaojifunza wakae na jambo hili kwa muda. Migusano ni 12, molekuli ni nne, milalo ni minne, na hesabu inatoshana. William David na wenzake waliliona kwa nyutroni katika Maabara ya Rutherford Appleton nchini Uingereza, wakalichapisha mwaka 1991 kwa muundo uliopimwa kwenye 5 K. Ripoti za namna hii huandika digrii 98 badala ya 22: ni mkao uleule, umehesabiwa kwa kuzungusha upande mwingine, na kwa kuwa mhimili una ulinganifu wa mara tatu, 120 ukitoa 22 unabaki na 98. Kundi la ulinganifu la fuwele hii iliyopangika huandikwa Pa3, lenye mstari juu ya 3.

Nadharia ya nguvu zinazoleta mpangilio huu ilipitia hatua moja ya kufundisha. Waliojaribu kuweka nguvu za atomi kwa atomi peke yake, zile za kawaida za van der Waals, walipata fuwele isiyo sahihi kwenye halijoto ya chini. Ndipo makundi kama la Jian Ping Lu, X.-P. Li na Richard Martin, na la Michiel Sprik, Ailan Cheng na Michael Klein, mwaka 1992, yalipoongeza chaji ndogo hasi kwenye bondi 30 na kuzisawazisha kwingineko. Mara hiyo mpangilio sahihi ukatokea. Ukitengeneza modeli yako mwenyewe, usiache chaji za bondi.

Kwa nini badiliko ni la ghafla

Kwenye 260 K fuwele hujikunyata: ubavu wa mchemraba hupungua ghafla kwa takriban asilimia 0.3, yaani karibu asilimia 1 ya ujazo, na joto fiche hutoka. Hilo ni badiliko la daraja la kwanza. Je, lingeweza kuwa la polepole? Nadharia ya Landau inajibu, na jibu lake unaweza kulifikia kwa kalamu.

Iite η kipimo cha mpangilio: sifuri molekuli zinapozunguka ovyo, kubwa zinapopangika. Mpangilio wa Pa3 hujengwa na mawimbi matatu ya mkao ndani ya fuwele, ambayo kwa vizio vya 2π/a, a ikiwa ubavu wa mchemraba, yanaandikwa (1,0,0), (0,1,0) na (0,0,1). Kila moja peke yake ni mchanganyiko wa shufwa na witiri, na ndiyo sababu miale mipya iliyotokea ni ya mchanganyiko. Yajumlishe yote matatu: (1,1,1), witiri zote, namba ambayo kimiani cha awali kinaikubali tayari. Kwa hiyo zao la mawimbi matatu halifutiki, na nishati huru ina haki ya kubeba kipeo cha tatu:

F = A η² − b η³ + c η⁴, ambapo A = α(T − T₀), na T₀ ni halijoto ambapo A hufika sifuri.

Tafuta pale ambapo F ni sifuri na mteremko wake ni sifuri kwa pamoja. Utapata η = b/2c, na A = b²/4c. Yaani badiliko hutokea kabla A haijafika sifuri, kwenye halijoto iliyo juu ya T₀, na η hairuki kutoka sifuri kwenda kitu kidogo tu, bali kwenda b/2c moja kwa moja. Ilimradi b si sifuri, mruko hauepukiki. K. H. Michel, J. R. D. Copley na D. A. Neumann, katika nadharia yao ya mwaka 1992, walilifanya hili kwa undani zaidi, wakitumia funksheni za mzunguko zilizotengenezwa kufuata ulinganifu wa molekuli na wa mahali ilipo, wakaonyesha jinsi mpangilio huu unavyozaliwa kutokana na nguvu za majirani. Ukitaka kuisoma, anza na jumla ya mawimbi matatu uliyoifanya sasa hivi. Sehemu kubwa ya hesabu zao itakuwa na mahali pa kushikilia.

Mikao miwili chini ya 260 K

Mtu angedhani kwamba baada ya mpangilio kazi imekwisha. Haijaisha. Rudi kwenye mpira, bado umeushika kwa ulalo, uzungushe digrii 60 zaidi. Mishono myekundu ya duara la katikati inarudi mahali ilipokuwa mingine. Lakini juu na chini, palipokuwa na vipande vyeusi sasa pamekaa vyeupe. Mshono mwekundu wa jirani umekutana na kipande cheupe. Si mkutano mbaya sana: gharama yake ni takriban milielektronivolti (meV) 11 hadi 12 kwa molekuli. Tuuite mkao wa pembesita, na ule wa kwanza mkao wa pembetano.

Tafuta mgawanyo wake. Chukua 12 meV, na kB, kisobadilika cha Boltzmann, ni 0.0862 meV kwa kelvini. Kwenye 260 K, kBT ni 22.4 meV, e kwa kipeo cha 12/22.4 ni 1.71; basi sehemu ya pembetano ni 1.71 kugawanya kwa 2.71, yaani asilimia 63. Kwenye 90 K, kBT ni 7.76 meV, e kwa kipeo cha 1.547 ni 4.7, sehemu ya pembetano inakuwa asilimia 82. Vipimo vya nyutroni vinatoa takriban 60 na 84. Hesabu ya mistari miwili imekufikisha karibu hivyo, kwa hiyo modeli ya mikao miwili inaaminika.

Sasa endeleza hesabu kwa kupoza zaidi. Kwenye 40 K hesabu ileile inasema asilimia 97. Fuwele inakataa: inabaki karibu na asilimia 83 au 84, hata ukiipeleka hadi 5 K. Sababu ni kwamba kutoka mkao mmoja hadi mwingine molekuli lazima ipande kizuizi cha nishati, ambacho vipimo mbalimbali hukiweka kati ya takriban 235 na 290 meV. Chukua 290, na uchukue muda wa msingi wa kutikisika wa kiasi cha sekunde 10⁻¹⁴. Muda wa kusubiri mruko mmoja ni 10⁻¹⁴ × e kwa kipeo cha 290/kBT. Kwenye 260 K ni takriban nanosekunde 4. Kwenye 100 K ni sekunde 4. Kwenye 90 K ni karibu dakika tatu. Kwenye 77 K, halijoto ya nitrojeni kimiminika, ni kama saa 26. Kwenye 70 K ni karibu miezi mitatu.

Zitazame namba hizo kwa mfuatano. Hakuna chochote cha pekee kilichotokea kwenye 90 K. Hakuna ulinganifu mpya, hakuna joto fiche, hakuna mwale mpya wa eksirei. Kilichotokea ni kwamba muda wa mruko umevuka muda ambao mpimaji yuko tayari kuusubiri. Ndiyo maana huitwa badiliko la glasi, na ndiyo maana mtu anayepoza polepole hulipata kwenye halijoto ya chini kidogo kuliko anayepoza haraka. Ukikuta makala moja inasema 85 K na nyingine 90 K, angalia kasi ya kupoza kabla hujaamua nani ana haki.

Hapo pia ndipo penye agizo la kimatendo kwa anayepima. Ukitumbukiza sampuli moja kwa moja kwenye nitrojeni kimiminika, unakamata mgawanyo wa halijoto fulani ya juu na kuufungia ndani. Kipimo chochote utakachofanya baada ya hapo, iwe upitishaji wa joto au ugumu wa fuwele, kitakuwa kinapima historia ya sampuli pamoja na sampuli yenyewe. Andika kwenye daftari ulipoza kwa kelvini ngapi kwa dakika na ulisubiri muda gani kati ya 100 K na 80 K. Upitishaji wa joto wa fuwele ya C60 umeonekana ukibadilika taratibu na muda karibu na 85 K, na bila kumbukumbu ya namna hiyo badiliko hilo huonekana kama hitilafu ya kifaa.

Ukiongeza shinikizo

Shinikizo huvuta molekuli karibu, kila moja inaona uso wa mwenzake vizuri zaidi, na badiliko la 260 K hupanda. Mteremko uliopimwa uko kati ya takriban 100 na 160 K kwa kila gigapaskali. Kwa hiyo shinikizo la gigapaskali 0.3 au 0.4 latosha kuleta fuwele iliyopangika kwenye halijoto ya chumba.

Lakini shinikizo hufanya jambo la pili, ambalo watu husahau. Mkao wa pembesita, ulio ghali kwa nishati, unachukua nafasi ndogo kidogo. David na Richard Ibberson walionyesha mwaka 1993 kwamba karibu na gigapaskali 0.2 mikao miwili inasawazika, na ukizidisha, pembesita inakuwa ndiyo inayopendelewa. Ile 12 meV uliyoitumia juu si namba ya kudumu. Ni ya shinikizo la kawaida tu. Ukifanya hesabu ya mgawanyo kwa fuwele iliyobanwa, punguza tofauti hiyo kwa zao la shinikizo na tofauti ya ujazo wa mikao miwili, kisha ndipo uiweke kwenye kipeo.

Na ukilinganisha miteremko ya makala tofauti, tazama kwanza ni gesi gani au kimiminika gani kilitumika kubana. Atomi za heli ni ndogo, hupenya na kukaa kwenye nafasi zilizo kati ya molekuli, zikazuia fuwele isijikunyate kama inavyopaswa, na mteremko hushuka. Nitrojeni na vimiminika vyenye molekuli kubwa hubaki nje zaidi na kubana kikamilifu. Ukiona namba iliyo karibu na 100, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu za kipimo utafute neno heli.